Nitakuwaje mteja wa siri Malindi, mji ambao kila mtu ananijua?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 26, nakaa Maweni, Malindi. Nimesomea kazi za mapokezi na huduma za hoteli, na kila msimu wa wageni hupata kibarua kwenye hoteli moja ya ufuoni. Lakini mwezi wa nne mvua zikianza wageni huisha, hoteli hufunga au hupunguza watu, na sisi wa mkataba mfupi ndio wa kwanza kuambiwa tukae nyumbani tungoje simu. Mwaka huu, nikiwa naingoja hiyo simu, rafiki yangu aliyeko Mombasa akaniunganisha na kampuni ya utafiti ya Nairobi. Hutafuta watu wa kwenda madukani kama wateja wa kawaida, waangalie huduma ilivyo, kisha waandike ripoti. Sisi huitwa wateja wa siri. Hulipa ada ndogo kwa kila ziara na kurudisha pesa ya kitu ulichonunua.

Nilianza na supamaketi, halafu kituo cha mafuta, nikaenda na kaka yangu juu ya pikipiki yake. Kwenda si shida. Shida ni ripoti. Ya kwanza ilirudishwa, wameandika "fafanua". Nikafafanua, ikarudi tena: "eleza ulichokiona, si unachofikiri." Mpaka leo sijaelewa wanataka nini.

La pili, sasa wamenipa duka la simu ambako anayekaa kaunta ni mtoto wa mamangu mdogo. Nikiandika mabaya nitamharibia riziki. Nikiandika mazuri matupu nitakuwa nimedanganya. Nikikataa, naogopa hawatanipa kazi tena.

La tatu, Malindi unaijua. Ukiingia dukani unaulizwa, "Wewe si mtoto wa fulani?" Sasa siri iko wapi hapo?

Na juzi nimepata ujumbe wa WhatsApp wa watu wengine. Wanasema wao wanalipa shilingi 9,000 kwa ziara moja, mradi nitume kwanza 1,500 ya usajili na cheti. Pesa nazihitaji, Shangazi, sitaficha.

Juu ya hayo kaka yangu kila nikitoka ananiuliza naenda wapi, na mimi nimetia saini kwamba sitasema. Naomba unielekeze. Kazi hii naipenda na nataka niifanye vizuri.

Binti wa Maweni

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba, mwanangu. Kabla ya mengine yote, hiyo 1,500 usiitume.

Kampuni ya kweli haimtozi mteja wa siri hata shilingi moja, si ya usajili, si ya cheti, si ya kufunguliwa akaunti. Anayelipia kazi hii ni mwenye duka au benki inayotaka kujua wateja wake wanahudumiwa vipi. Pesa hutoka kwake, hupitia kampuni ya utafiti, ndipo ikakufikia wewe. Ikianza kutoka mfukoni mwako, hapo hapana kazi. Tena wewe umeshaifanya na unajua ada yake ilivyo. Nani atakupa 9,000 kwa kwenda kuulizia bei ya sabuni?

Ujanja huu ni wa zamani. Kule Marekani, FTC, taasisi ya serikali inayolinda wateja, imekuwa ikiwaonya watu kuhusu watu wanaojifanya kampuni za wateja wa siri. Huko hutumia hundi: unatumiwa hundi, unaambiwa uiweke benki, ubaki na ujira wako, zilizosalia ununue kadi za zawadi, yaani kadi zenye pesa ndani, "kupima huduma ya duka" kisha uwatumie namba za hizo kadi. Benki inakuonyesha pesa imeingia, kumbe hundi haijathibitishwa. Ikija kujulikana ni bandia, mdaiwa ni wewe. Sisi huku hundi hatuzishiki sana, kwa hiyo wanatujia kwa WhatsApp na M-Pesa. Wengine hukulipa kweli mara ya kwanza, mia mbili au mia tatu, ili siku ya kukuomba elfu tano usisite. Namba hiyo izuie, na rafiki yako wa Mombasa umwambie, maana aliyekupata wewe atampata na yeye.

Kampuni unayoifanyia kazi ikikuuliza PIN ya KRA, yaani namba yako ya mlipa kodi, usishtuke, malipo yana mambo ya kodi. PIN ya M-Pesa haiulizwi na mtu yeyote mwenye nia njema. Na siku ukitafuta kampuni nyingine, kuna muungano wa kimataifa wa kampuni za kazi hii, MSPA, wenye tawi la Ulaya na Afrika. Wanachama wake unaweza kuwatazama mwenyewe bila kupitia kwa mtu anayekutumia viungo usiku.

Sasa mtoto wa mamako mdogo. Ikatae kazi hiyo leo, usingoje kesho. Umesema unaogopa hawatakupa nyingine, lakini fikiri mratibu wako wa Nairobi anaogopa nini. Hakuoni. Hajui kama uliingia dukani au uliandika ripoti ukiwa kitandani. Hajui kama uliyemsifu ni shemeji yako. Anachouza kwa mwenye duka ni ukweli wako tu. Mtu anayemwambia mapema "hapa nina ndugu" amempa sababu ya kumwamini katika ziara zote zijazo. Hata kampuni zenyewe hukataza kumtathmini ndugu, rafiki au mwajiri. Mwandikie hivi: "Samahani, duka hili sitaweza kulifanya kwa sababu ana kazi pale mtu wa familia yangu. Niko tayari kwa duka jingine lolote Malindi, Watamu au Kilifi." Basi. Usimtaje jina, usieleze ukoo.

Na huyo binamu usimdokezee kwamba kuna mtu atakuja. Najua moyo utakuvuta, damu ni damu. Lakini ukimwambia, siku hiyo atavaa beji, atasimama wima, atasalimu mpaka walinzi, na ripoti itasema duka halina kasoro. Kama kuna jambo pale linalowaumiza wao wenyewe, tuseme mtu mmoja kaunta na foleni mpaka mlangoni, litabaki vilevile. Tena utakuwa umevunja ahadi uliyoitia saini.

Kanuni hiyohiyo inakuhusu kwa hoteli. Wewe ni mtu wa hoteli na msimu ukirudi utaajiriwa tena. Hoteli uliyofanyia kazi usiizuru, na za jirani zake kwenye ufuo huohuo mweleze mratibu kwanza. Mtu asije akasema ulitumwa na wapinzani.

Tuje kwenye ripoti, kwa sababu hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Mimi kabla ya safu hii nimesimama mapokezi ya hoteli miaka mingi, na ripoti kama zako zilikuwa zikiletwa kwa meneja, naye akitusomea. Kwa hiyo nazijua kutoka upande wa yule anayeandikwa. Iko ripoti iliyosema: "Mhudumu alikuwa na dharau." Meneja alifanya nini nayo? Alimwita msichana, akamuuliza, "Kwa nini una dharau?" Msichana akalia. Hakuna aliyejua alifanya nini, saa ngapi, kwa nani, wala abadilishe nini. Ile ilikuwa hukumu bila ushahidi, na ikaumiza mtu bure.

Mwanangu, wewe dukani ni shahidi, si hakimu. Shahidi husema nilikuwa wapi, nikaona nini, nikasikia nini, dakika ngapi. Hiyo "dharau" ungeiandika hivi: "Niliingia 10:12. Nyuma ya kaunta walikuwa wahudumu wawili, wateja wengine hawakuwapo. Aliyekuwa karibu nami, msichana mwenye shati la kijani, hana beji, alikuwa akiongea kwa simu. Hakuinua macho. 10:17 alikata simu akaniambia, 'Sema.' Hakunisalimu." Ona vile neno dharau halimo na meneja amelielewa. Anajua dakika tano zimepotea, anajua beji haikuvaliwa, anajua mhudumu wa pili alikuwapo na hakuja. Msichana naye akiitwa ataulizwa kitu anachoweza kukijibu. Huenda ile simu ilikuwa ya mteja. Basi atasema.

Hiyo ndiyo maana ya "ulichokiona, si unachofikiri." Kila ukiandika "mchangamfu", "mvivu", "pachafu", "haraka", jiulize macho au masikio yako yalipata nini. Pachafu vipi? Sakafu ina maji, kapu la taka limejaa, choo hakina sabuni. Haraka vipi? Dakika mbili tangu nifike kwenye foleni mpaka nilipe. Na usiwe wa kuhesabu makosa tu. Aliyekubebea mfuko mpaka kwenye tuktuk aandikwe kwa uangalifu uleule.

Saa nazo zina mtego kwetu. Sisi tumezoea kusema saa nne asubuhi, lakini fomu ya ripoti hutaka saa za risiti, yaani 10:12. Ukiandika 4:12, aliyeko Nairobi ataona umezuru duka alfajiri likiwa limefungwa, na ripoti inarudi. Kinachorudisha ripoti nyingine ni kujipinga: kwenye kisanduku cha "alisalimu?" umetia hapana, halafu chini unaeleza alivyokukaribisha kwa tabasamu. Kabla hujatuma, soma visanduku na maelezo kwa pamoja. Usilolipata liandike hukulipata. Kubahatisha jina la mtu kwenye kazi hii ni dhambi, maana huenda aliyeulizwa siku ya pili akawa mwingine kabisa.

Utakumbukaje dakika zote hizo bila daftari mkononi? Fomu uisome nyumbani mara mbili tatu mpaka uijue, na isitoke nyumbani. Ukiingia dukani jitumie ujumbe kwenye simu, herufi moja tu inatosha. Ukihudumiwa jitumie wa pili, ukitoka wa tatu. Ujumbe wenyewe umebeba saa, na siku hizi mtu anayegusa simu dukani hatazamwi na yeyote. Kisha risiti. Mara nyingi juu yake pameandikwa saa, namba ya kaunta na jina la aliyekuhudumia, kwa hiyo ndiyo inayothibitisha kwamba ulikuwapo. Ipige picha palepale nje ya duka. Karatasi zile huandikwa kwa joto, na maandishi yake hufifia. Ukiiweka kwenye mkoba ukaisahau, baada ya muda unaweza kukuta haisomeki. Ripoti yenyewe iandike siku hiyohiyo. Ukilala nayo, ubongo hujaza mapengo kwa hadithi nzuri.

Ukiwa dukani, mwachie mhudumu nafasi ya kufanya kazi yake. Kama fomu inauliza, "Je, alikueleza ada za kutoa pesa bila kuulizwa?", wewe usimuulize, subiri. Ukimwuliza umemsaidia na jibu halina thamani. Upande wa pili, usimtege wala kumchokoza ili uone kama atakasirika. Hukutumwa ugomvi.

Na hali ya mahali iandike. Hili nalisisitiza kwa sababu ndilo linalomlinda mfanyakazi. Kama stima zilikuwa zimepotea, kama foleni ilikuwa na watu tisa na kaunta tatu mbili zake zimefungwa, kama feni haifanyi kazi na jasho linamtiririka, liandike lote. Ulisema unaogopa kuharibu riziki ya mtu, na woga huo ni mzuri, uuchunge. Mji huu mshahara mmoja hulisha nyumba nzima. Lakini dawa yake si kumpamba. Ni kuandika kwa ukamilifu, kwa sababu ripoti kamili mara nyingi huonyesha kwamba anayekosea si aliyeko kaunta bali ni aliyempangia zamu.

Picha, piga zile tu ulizoagizwa: mlango, kibao cha nje, rafu. Nyuso za watu usizipige. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na sura ya mtu ni yake. Ukiagizwa kurekodi sauti kwa siri, uliza kwanza kwa maandishi wanayo ruhusa gani, na usipojibiwa vizuri usirekodi.

Umeuliza siri iko wapi katika mji kama Malindi. Mbona ipo! Wanaokujua wanajua wewe ni binti wa fulani aliyekuja kununua mchele. Hawajui kwa nini leo umeununua pale. Wala usijifunike buibui lisilo lako, utazua maswali. Kwenye supamaketi na vituo vya mafuta kujulikana kunakusaidia, kwa sababu mtu wa mtaani hashukiwi. Linalomfichua mteja wa siri ni tabia yake: kuzungukazunguka bila kununua, kutazama beji kwa kukodoa, kuuliza meneja anaitwa nani. Soma beji wakati anakuhesabia chenji, ndipo mko uso kwa uso na hakuna ajabu.

Linalofichua zaidi ni kisa kisichokufaa. Ukipewa benki uulizie mkopo wa kununua nyumba Nairobi, na karani anajua unaishi kwa wazazi Maweni, hapo pana shida. Mwambie mratibu akupe swali la akaunti ya akiba au mkopo mdogo wa biashara. Hoteli vilevile. Mwezi wa tano, vyumba vitupu, msichana wa mjini peke yake anaulizia chumba cha kuangalia bahari, wote watamkumbuka mpaka msimu ujao. Omba chakula cha mchana cha mkahawa wa hoteli badala ya chumba, na uende na rafiki ikiwa fomu inaruhusu.

Yale ambayo Malindi hayafai yafuate Watamu au Kilifi, lakini fanya hesabu kabla ya kukubali. Tuseme ada ni 800 na nauli ya kwenda na kurudi inakula 600. Umekwenda siku nzima kwa mia mbili. Kilifi iko katikati ya safari ya Mombasa, kwa hiyo mwombe mratibu akukusanyie kazi tatu nne za huko ziwe siku moja, nauli iwe moja. Uliza pia mwisho wa pesa watakayokurudishia. Wakisema 300 na wewe ukanunua ya 450, hiyo 150 imetoka mfukoni mwako. Malipo nayo hayaji siku hiyo, huchukua wiki kadhaa mpaka ripoti ipitishwe, na ripoti iliyokataliwa huenda isilipwe kabisa. Weka daftari: tarehe, duka, ulichotumia, ada, siku iliyolipwa. Watu wengi hudhani wanapata faida mpaka waandike. Kwa vyovyote usiichukulie kuwa mshahara. Iwe ya kukuvusha miezi ya mvua, na ukipata jiko la bajia la jioni pamoja nayo, usiliache.

Kaka yako ana haki ya kuuliza. Kwa kawaida kinachotiwa saini ni kutotaja duka gani, lini, na uliona nini. Ni nadra mkataba kukutaka umfiche mtu wa nyumbani kwamba una kazi, na msichana anayetokatoka bila kusema aendako anawatia watu wake hofu bila sababu. Tena alishakupeleka kituo cha mafuta mwenyewe, kwa hiyo nusu ya jambo anayo. Mwambie unafanya utafiti wa huduma kwa kampuni ya Nairobi, majina ya maduka huruhusiwi kuyatoa, na mkataba umuonyeshe akitaka. Kila ukitoka mwachie mtaa na saa ya kurudi: "Naenda Kilifi mjini, nitapanda matatu ya kurudi saa tisa." Ukichelewa, umpigie.